Wakala si Wakili

Simu iliingia saa tatu usiku, Jumanne ya mvua. Alikuwa mtoto wa mama mdogo, kijana wa miaka ishirini anayecheza raga kama flanka, mmoja wa wachezaji wa mbele, na pumzi zake zilinifikia kabla ya salamu. "Kaka, nimepata wakili! Naenda Ufaransa."

Nikamwuliza wakili wa nini, kwani ameshtakiwa? Akacheka. "Wakili wa raga, kaka. Yule wa kukutafutia timu."

Alichokuwa amepata ni wakala. Maneno hayo mawili yana shina moja la Kiarabu na yanatofautiana irabu mbili tu, lakini kwa kijana anayetaka kula kwa raga, kati yake kuna mto uliofurika. Wakala anakuuza. Hilo si tusi, ndiyo kazi yake, na akiifanya kwa uaminifu atakufikisha mahali ambapo miguu yako peke yake isingekufikisha. Wakili anakusomea karatasi kalamu ikiwa bado mkononi mwako. Wachezaji wetu wengi wanaye wa kwanza, au wana mtu anayejiita hivyo kwenye WhatsApp. Wa pili hawana, na siku wanapomtafuta huwa wameshaumia.

Mimi si wakili. Ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Nakuru, mwaka wa kumi na moja sasa, na kutwa nzima nasoma mikataba: ya kukodi duka, ya kununua shamba, ya mkopo wa bodaboda. Kabla ya hapo nilikuwa fowadi, na ningeendelea kuwa fowadi kama kungekuwa na mtu wa kunisomea ukurasa mmoja.

Ukurasa huo niliusaini juu ya boneti ya gari baada ya mazoezi, giza likiingia. Ulitaja posho ya mazoezi, ulitaja bonasi ya ushindi, kisha ukasema klabu "itamsaidia mchezaji anapoumia, kadiri ya uwezo wake." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sikujua kwamba neno "kadiri" linaweza kuwa zito kuliko mafowadi wanane wakisukumana kwenye skramu. Msimu wa pili mguu wangu wa kulia ulinasa kwenye matope, mwili ukageuka na goti halikugeuka. Kano ikakatika. Klabu ililipia gari la kunifikisha hospitali na picha ya kwanza. Upasuaji ulilipwa na harambee. Wenzangu walichanga, baba aliuza mbao alizokuwa ameziweka za kujengea, na mama mdogo, mama wa huyu kijana, alituma elfu nne ambazo najua zilikuwa karo ya mtu. Kufikia mwezi wa tatu meneja hakupokea simu tena. Alipopatikana mara ya mwisho aliniambia uwezo haupo, na karatasi ilikuwa upande wake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari ofisini, nilifungua Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 na kukuta kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi ni lazima iwe na mkataba wa maandishi. Nikafungua Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo na kukuta kwamba mwajiri anawajibika kwa mfanyakazi anayeumia kazini. Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikatoa ile karatasi yangu ya zamani, ambayo bado ninayo, nikatafuta neno "mfanyakazi." Halikuwemo. Waliniita "mwanachama mchezaji." Maneno mawili tu, na milango yote miwili ya sheria ikawa migumu kufunguka.

Kwa hiyo kijana aliponiambia wakala anataka karatasi irudi imesainiwa ifikapo Ijumaa, nilimwomba kitu kimoja: asisaini kabla sijafika. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye matatu ya Kakamega.

Si rahisi kumwambia kijana wa huko apunguze mwendo. Tarehe 17 Aprili 2016 alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na tulikuwa sebule moja Shujaa, timu yetu ya taifa, walipoifunga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, taji letu la kwanza katika mfululizo wa dunia wa raga ya wachezaji saba. Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa kocha. Fiji! Miezi minne baadaye wao ndio waliochukua dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mchezo huo kule Rio. Mwaka huohuo klabu ya Kabras Sugar walitwaa Kenya Cup, ligi yetu kuu ya raga, kwa mara ya kwanza na kulileta kombe Kakamega. Mtoto aliyeyaona hayo mawili kwa mwaka mmoja, kisha akakua na mabega kama yale, utamwambia nini kuhusu subira?

Nilimkumbusha pia Juni 2018. Wachezaji wa Shujaa waliingia uwanjani Paris wakiwa wamefunika jina la mfadhili kwenye jezi zao, kwa sababu ya pesa walizosema hawajalipwa. Wapo waliowaita wakaidi. Mimi niliona vijana wasio na wa kuwasemea, wakaamua kusema kwa kitambaa kilichokuwa vifuani mwao. Hao ndio waliokuwa kileleni, wanaojulikana kwa majina na kuonekana kwenye televisheni. Aliye chini yao anasemewa na nani?

Jibu la vijana ni kwamba basi nchi za nje ni afadhali. Na kweli wapo waliofika. Mkenya mwenzetu Daniel Adongo alicheza Super Rugby, ligi kubwa ya klabu za kusini mwa dunia, na Southern Kings ya Afrika Kusini mwaka 2013, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Marekani na Indianapolis Colts, akicheza mchezo mwingine kabisa, futiboli ya Kimarekani. Lakini njia ya Ulaya kwa mchezaji wetu ina kizingiti ambacho mawakala wa WhatsApp hawakitaji. Jina la Kenya limejengwa na raga ya saba. Ajira za Ulaya ziko kwenye raga ya kumi na tano. Yule kijana alikuwa ametuma video ya dakika tatu, mbio tupu, nyingi kutoka mashindano ya raga ya saba, Driftwood pale Mombasa na Prinsloo hapa Nakuru. Ni video nzuri. Kocha wa Ufaransa akiitazama bado hajui kama flanka huyu anaweza kukaa kwenye skramu dakika ya sabini, au anafanya nini mpira ukiwa chini na watu watano juu yake. Nilimwambia aombe klabu yake mechi mbili nzima, bila kukatwa, hata ile waliyopigwa. Hasa ile waliyopigwa.

Tulikaa chini ya mparachichi, meza katikati. Mkataba wa Kifaransa ulikuwa na kurasa nne. Tafsiri ya Kiingereza aliyoleta wakala ilikuwa na kurasa mbili.

Hapo nilisimamisha kila kitu. Nina rafiki anayefundisha Kifaransa shule ya upili, nikampigia picha zile kurasa na kumtumia, na akatusomea kwa simu mstari kwa mstari, saa nzima na nusu, Mungu ambariki. Kwenye kurasa zilizopotea njiani mlikuwa na kifungu kinachosema mchezaji akiondoka kabla ya msimu kuisha atarudisha nauli ya ndege na gharama ya makazi. Mlikuwa na kingine kinachosema malipo ya kila mwezi, yuro 600, ni "marupurupu ya kufidia gharama." Neno mshahara halikuwemo. Nilihisi goti langu linauma, na sisemi hivyo kwa mapambo.

Ufaransa ina ngazi nyingi za raga. Juu kabisa kuna Top 14, chini yake Pro D2, kisha Nationale iliyoanzishwa mwaka 2020, kisha Nationale 2, halafu madaraja ya Fédérale na ya mikoa, ambako miji midogo inapenda klabu yake kama sisi tunavyopenda fahali wetu. Klabu iliyomtaka kijana ilikuwa huko chini. Hakuna aibu, wengi wameanzia huko. Ila kadiri unavyoshuka ndivyo mstari kati ya ajira na msaada unavyofifia. Juu, mkataba wa mchezaji wa kulipwa ni wa muda maalumu. Kwa sheria yao ya Novemba 2015 kwa kawaida haupungui miezi 12 na hauzidi miaka mitano, na klabu haiwezi kuuvunja kwa sababu tu umecheza vibaya. Chini, unaweza kupewa chumba, pesa ya chakula na kibarua kwa mwanachama mwenye duka, na ukivunjika mguu haijulikani ulikuwa nani wao. Hata huko juu kuna mlango mwembamba wanaouita joker médical, yaani mchezaji anayesajiliwa msimu ukiendelea kuziba nafasi ya aliyeumia. Wengi kutoka visiwa vya Pasifiki wamepitia hapo. Unafika Novemba, unacheza kwenye baridi, mwenye nafasi akipona unafungasha.

Tena klabu za juu za Ufaransa zinabanwa na kanuni ya JIFF, inayozitaka ziwe na idadi fulani ya wachezaji waliolelewa katika vyuo vya raga vya Ufaransa. Mgeni wa miaka ishirini anahesabiwa upande wa pili, na nafasi za upande huo ni chache na zina bei. Ndiyo sababu baadhi ya klabu huwachukua vijana wa Fiji wakiwa bado wadogo, wawalee wenyewe. Wakala mwenye leseni anayajua haya yote na angepaswa kumweleza kijana siku ya kwanza.

Tukamfikia wakala mwenyewe. Katika makubaliano yake na kijana alijipa asilimia 15 ya kila malipo. Sheria ya michezo ya Ufaransa inaweka ukomo wa asilimia 10 ya mkataba, mawakala wote wakijumlishwa, na mchezaji akiwa chini ya miaka 18 wakala haruhusiwi kulipwa kitu. Tena ni lazima awe na leseni ya shirikisho la mchezo husika, na majina ya wenye leseni hutangazwa. Hapo huhitaji kumwamini mtu, unahitaji kutafuta jina.

Kisha kulikuwa na shilingi 90,000. "Za viza na fomu," kijana alisema, akitazama chini. Mama mdogo alikuwa ameshapatana na mnunuzi wa mtamba wake. Mtamba alikuwepo, amefungwa hatua ishirini kutoka pale tulipokaa, anatafuna. Ada ya viza ya kukaa muda mrefu Ufaransa ni yuro 99, ukiongeza malipo ya ofisi inayopokea maombi. Kibali cha kazi kinaombwa na mwajiri mwenyewe huko Ufaransa. Na wakala wa kweli anakula kwenye mkataba uliokwisha kusainiwa. Halipwi na mama kabla mtoto hajagusa mpira. Mtu akikuomba pesa ya kukutafutia klabu, bidhaa anayouza ni tumaini lako, na mteja ni wewe.

Nilimpigia. Alikuwa mtu wa sauti laini na ya heshima, lazima niseme ukweli, aliniita mzee. Nikamwuliza namba ya leseni yake na shirikisho lililoitoa. Akasema atanitumia jioni. Nikamwuliza barua ya kuachiliwa ataipata vipi, kwa maana chini ya kanuni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, mchezaji hahami kutoka shirikisho moja kwenda jingine bila shirikisho lake la nyumbani kuidhinisha, hata awe amecheza ligi ya kijijini. Akasema hiyo ni shughuli ndogo, ataimaliza na watu wake. Jioni haikuleta kitu. Kesho yake picha yake kwenye WhatsApp ikawa kivuli cha kijivu.

Kijana alilia. Naandika hili kwa ruhusa yake. Alilia kimya, amekaa kwenye ngazi ya nyumba, na nilijua hakuwa anamlilia yule mtu. Alikuwa anaulilia uwanja wenye taa alioshauona akilini.

Tukafanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya mwanzo: tukaitafuta klabu yenyewe. Ipo. Ina uwanja, ina ukurasa wake, ina katibu mama wa makamo ambaye alijibu barua pepe yetu siku ya tatu. Video waliiona na kijana walimpenda. Hawakuwahi kuomba pesa yoyote, na yule bwana aliwaambia yeye ni mjomba wake.

Kuanzia hapo tuliandika wenyewe, Kiswahili kwanza kwenye karatasi ili tujue tunataka nini, kisha Kiingereza, kisha mwalimu akatia Kifaransa. Tuliuliza mambo matatu. Je, atakuwa mfanyakazi mwenye hati ya mshahara, au mchezaji wa marupurupu? Timu ya taifa ya Kenya ikimwita, mtamwachilia? Na akiumia uwanjani, nani analipia upasuaji, kwa muda gani, na chumba anakaa nacho mpaka lini? La pili lilijibiwa haraka: ndiyo, kwa vipindi vya kimataifa kanuni inawalazimu. La kwanza lilichukua wiki mbili. Wakarudi na pendekezo la ajira ya nusu siku ghalani kwa mwanachama mmoja, yenye mkataba halali, na raga jioni. Ni pesa kidogo zaidi na ni kazi ya kubeba magunia. Nilifurahi kuliko kama wangetaja Top 14. La tatu, hadi naandika, wamesema kuna bima inayokuja na leseni ya shirikisho na watatuma hati yake. Tunaisubiri hiyo hati. Hatusaini bila hiyo hati.

Wakati wa kusubiri nilimpeleka kwenye chuo cha ufundi alikokuwa ameacha diploma ya umeme mwaka wa kwanza. Alikuwa ameacha tu, hakuaga mtu. Tulimwona msajili na kupata barua ya kuahirisha masomo yenye muhuri. Kijana aliona napoteza siku. Lakini wenzetu walioitengeneza raga kuwa kazi wanalishughulikia jambo hili ndani ya timu. New Zealand, chama cha wachezaji kina maofisa wanaokaa na kila mchezaji wa kulipwa kumwuliza anasomea nini na ataishi vipi mwili ukikataa. Uingereza na Ufaransa vyama vya wachezaji vina watu wa namna hiyo. Hapa kwetu anayeuliza ni mama, na huambiwa haelewi raga. Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa Shujaa, alishika vitabu na mpira pamoja, na leo amefika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Nilimwonyesha kijana picha yake. Akaitazama kwa muda, akaniuliza kama diploma ya umeme inatambulika Ufaransa. Swali hilo lilinipa nguvu ya wiki nzima.

Mama mdogo hakuwa amesema mengi. Amelima miwa miaka ishirini na mitano. Ana mkataba wake mwenyewe kabatini, wa kiwanda ambacho kilivuna miwa yake na hakikumlipa, kisha kikafungwa. Jumapili jioni alikuja na chai akasimama nyuma ya kiti changu. "Mwanangu, hiyo klabu haiwezi kufa?"

Inaweza, mama. Wasps wa Uingereza, mabingwa wa Ulaya mara mbili, mwaka 2004 na 2007, walianguka Oktoba 2022, na wachezaji na wafanyakazi 167 wakapoteza kazi siku moja. Wiki mbili kabla yao, wachezaji wa Worcester walikuwa wamefutiwa mikataba baada ya mahakama kuivunja kampuni iliyowaajiri. London Irish wakafuata Juni 2023. Hao wote walikuwa na mawakala, na mawakili, na pasipoti za nchi zao. Nilimweleza polepole. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani.

"Sawa," akasema. "Na akivunjika huko, nani atanipigia simu?"

Tukatazamana, kijana na mimi. Tulikuwa tumesoma kurasa nne mara kumi. Kijana akaivuta fomu ya usajili, ile iliyokuja pamoja na mkataba, akapeleka kidole hadi chini kabisa ambako kuna nafasi ya mtu wa kujulishwa kukiwa na dharura. Ilikuwa imeshajazwa. Jina la wakala, namba ya wakala, na mbele yake: mjomba.

Kijana aliikata mistari miwili, akaandika jina la mama yake kwa herufi kubwa, akainua kalamu. "Mama, namba."

Mama mdogo haijui namba yake kwa kichwa. Aliingia ndani kutafuta simu, na tukamsikia akifungua droo moja baada ya nyingine.